Makonyo ya jeni: masuali yenu kuhusu introni

Assalaam alaykum wasomaji wangu. Mwezi huu masuali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka sehemu moja, sijui ndo mitihani inakaribia au kuna klipu imepita kwenye magrupu ya WhatsApp, basi nimeamua masuali ya gauti na meno yasubiri, leo tunakaa na introni tu. Na nyie mlioniandikia "jini" badala ya jeni nakusahihisheni mapema: jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengenezea kitu mwilini, jini ni habari nyengine kabisa na safu hii haina ujuzi nayo, hata kama mwandishi wake ni Mpemba.

SUALI: Maalim shikamoo. Mie niko fomu siksi hapa Wete. Ticha katufundisha jeni ina eksoni na introni, eksoni ndo zenye kazi na introni ni takataka, zinakatwa zinatupwa. Nikamuuliza kama ni takataka kwa nini mwili unazinakili kwanza halafu ndo uzikate, si hasara hiyo? Akanambia andika hivo hivo kwenye mtihani. Naomba unitoe tongotongo.
Mwanafunzi, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye mtihani kuwa na akili, maksi ni zako, ila mwisho wa jibu ntakupa sentensi ambayo msahihishaji hawezi kukukata na wewe hutakuwa umesema uongo.

Wewe wa Wete karafuu huna haja ya kuelezwa. Zinachumwa na makonyo yake, yaani vile vijiti vilivyozishika, jioni pakacha linamwagwa ukumbini, watu wanakaa duara wanachambua. Shangazi yangu alikuwa anakamata kishada anakivunja kwenye kiganja, krak, karafuu inaangukia huku makonyo yanaangukia kule, na muda wote anapiga soga wala haangalii mikono yake. Karafuu kesho yake inaanikwa kwenye jamvi, makonyo yanatiwa gunia la peke yake pembeni ya mlango.

Seli yako inafanya kazi hiyo hiyo kila dakika. DNA imekaa ndani ya kiini cha seli, haitoki. Jeni ikitakiwa kufanya kazi inanakiliwa nzima nzima, karafuu pamoja na makonyo yake, yaani eksoni pamoja na introni, unapatikana uzi mrefu wa RNA, ndo nakala yenyewe. Hapo ndo unaingia mtambo wa kuchambua unaoitwa spilaisosomu, una protini zaidi ya 100 na vipande vitano vya RNA vinavyoitwa U1, U2, U4, U5 na U6. Unajuaje lipi konyo lipi karafuu? Kwa alama. Uzi huo umepangwa kwa kemikali chache zinazojirudia, nasi tunaziita herufi, na karibu kila introni inaanza na herufi GU na inaishia na AG, na kabla ya kufika mwisho kuna herufi A moja yenye kazi maalum. Mtambo unakata pale mwanzo, ncha iliyokatwa inapindwa inafungwa kwenye ile A, introni inakuwa kitanzi kama cha kamba ya ng'ombe, halafu inakatwa upande wa pili na eksoni mbili zilizobaki zinaungwa. Kitanzi kinakwenda zake, ujumbe uliochambuliwa unatoka nje ya kiini kwenda kutengenezwa protini.

Na kinachotolewa sio kidogo. Jeni ya distrofini, protini ya misuli, ina herufi zaidi ya milioni 2, eksoni zake 79, na ujumbe ukishachambuliwa unabaki na herufi kama 14,000 tu. Kuinakili jeni hiyo mara moja kunachukua kama saa 16, yaani uanze baada ya sala ya alfajiri, isha ikupite bado unaandika, halafu zaidi ya asilimia 99 ya ulichoandika kikatwe. Kwa hiyo suali lako kwa ticha lilikuwa suali la haki kabisa, na waliouliza kabla yako ni watu wazito.

Maana mpaka 1977 wataalamu walidhani jeni inasomwa moja kwa moja bila kukatika, kwa sababu ndivyo walivyoizoea kwa bakteria. Mwaka huo makundi mawili Marekani, la Richard Roberts kule maabara ya Cold Spring Harbor na la Phillip Sharp pale chuo cha MIT, walikuwa wanachunguza adenovirusi, hivi virusi vya mafua mafua, wakailaza RNA yake juu ya DNA yake ili zishikane herufi kwa herufi, wakatazama kwa darubini ya elektroni. Wakaona DNA imetokeza vitanzi pembeni, sehemu nzima nzima ambazo kwenye RNA hazina mwenzake. Kule Cold Spring Harbor aliekaa kwenye darubini ni mwanamama, Louise Chow, lakini Nobeli ya 1993 walipewa Roberts na Sharp, nalitia hili maana wengi wanalipita. Majina introni na eksoni aliyatoa Walter Gilbert 1978. Neno takataka lilikuwepo kabla yake, Susumu Ohno alilitumia 1972 kwa DNA isiyokuwa na kazi ya kueleweka, introni zilipotokea na zenyewe zikarushwa jaani humo humo, na ticha wako kafundishwa na aliefundishwa hivo.

Sasa faida. Binaadamu ana jeni za protini kama 20,000 tu, lakini protini za aina mbali mbali anazo nyingi zaidi ya hapo, na sababu moja kubwa ni kwamba jeni moja inaweza kuchambuliwa kwa namna zaidi ya moja, eksoni hii itiwe, ile irukwe. Ipo jeni moja ukiikuta kwenye tezi ya shingo inachambuliwa hivi inatoka kalsitonini, homoni ya mambo ya kalsiamu, jeni hiyo hiyo kwenye neva inachambuliwa vyengine inatoka kitu cha kutanua mishipa ya damu. Isingekuwa vipande vipande usingeweza kufanya hivo. Zaidi ya asilimia 90 ya jeni zetu zenye eksoni nyingi zina mchezo huu.

Halafu ule muda unaopotea, wakati mwengine huo huo ndo kazi yenyewe. Kwa panya kuna jeni inaitwa Hes7, inawaka na kuzima kwa zamu wakati mimba inapanga pingili za uti wa mgongo, moja baada ya moja. Watafiti wakaitoa introni zake, protini ikatoka ile ile ila ikatoka mapema, zamu ikavurugika, mbavu na pingili zikaota zimeshikana. Protini haikuwa na kasoro hata moja! Iliwahi tu.

Na hamira hii hii ya maandazi, ina jeni kama 6,000 na introni kama 300 tu, chache mno kiasi kwamba watu waliweza kuzifuta moja moja waone. Hamira ikiwa na chakula tele haikujali. Ilipokosa chakula, nyingi ya zile zilizofutwa introni zikawa zinakufa mapema kuliko wenzao. Matokeo hayo yalitoka 2019, sio zamani.

Ila usije ukatoka hapa ukawaambia wenzako kila herufi ya introni ina hekima yake, mimi hilo silinunui. Wavuvi wanamjua bunju, samaki yule anaevimba tumbo, mwenye sumu. Binamu yake wa Japani, fugu, alisomwa DNA yake yote mwaka 2002, ikakutwa ni kama herufi milioni 400, sisi tuna bilioni 3 na zaidi, na idadi ya jeni haipishani sana. Introni zake nyingi fupi fupi. Na anaogelea, anazaa, anauwa watu kama kawaida. Kwa hiyo urefu mwingi wa introni zetu inawezekana ni mzigo tu unaobebwa kwa sababu haudhuru, na ndani ya mzigo huo mna vitu vya thamani vimejificha. Kama lile gunia la shangazi, halikwenda jaani, makonyo yananunuliwa, kule Wawi kipo kiwanda yanapikwa kutolewa mafuta. Lakini hakuna mtu aliewahi kusema konyo ni sawa na karafuu.

Sentensi yako ya mtihani: introni hazitafsiriwi kuwa protini, zinaondolewa kwenye RNA kabla haijatoka kwenye kiini, lakini zinasaidia kuamua jeni itoe nini, kiasi gani na wakati gani. Ticha akikukata hiyo nitumie karatasi.

SUALI: Maalim mie nna mtoto wa miaka 9 ana sikoseli. Nimeona kwenye simu kuna dawa huko nje inakata jeni na mgonjwa anapona, na aliesimulia kasema wanakata introni. Sasa naomba kujua, huu ugonjwa umo kwenye introni? Na je naweza kuacha haya madawa ya kila siku nikasubiri hiyo? Halafu samahani, mama mkwe anasema kwao hakuna mtu wa hivi, ugonjwa umetoka upande wangu.
Mama wa mtoto, Mwanakwerekwe

JIBU: Pole sana dada yangu, na hongera kwa kumfikisha miaka 9. Naanza na la mama mkwe maana naona ndo linalokuuma. Mtoto wa sikoseli anapokea jeni yenye kasoro kutoka pande zote mbili, moja kwako moja kwa mumeo. Mwenye moja tu haumwi, anaweza kuzeeka hajui, ndo maana kila ukoo unaapa kwao hakuna. Mwambie kwa adabu, au mpe gazeti asome mwenyewe.

Ugonjwa haumo kwenye introni. Jeni inayohusika ni ya himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu za damu, nayo ni fupi, ina eksoni tatu na introni mbili. Kasoro ya sikoseli iko eksoni ya kwanza, palipotakiwa pasomwe GAG pamekuwa GTG, herufi moja tu, protini inabadilika tabia na chembe ya damu inapinda kama mundu.

Ila kuna ndugu yake sikoseli anaitwa thalasemia, huyo mara nyingi anatokea kwenye introni hizo hizo za jeni hiyo hiyo, na hapa hebu nikae kidogo maana ndo utaona konyo linavyoweza kuharibu karafuu. Introni ya kwanza ina herufi 130. Kuna watu, hasa wa Cyprus na pwani za huko, herufi ya 110 kwao imegeuka kutoka G kuwa A. Herufi moja, tena ndani ya kitu cha kutupwa, ungesema inahusu nini? Lakini mabadiliko hayo yanazalisha AG ya uongo, mtambo wa kuchambua unaiona unadhani introni imeishia hapo, unakata mapema, herufi 19 za konyo zinabaki kwenye karafuu. Na seli inasoma herufi tatu tatu. Chukua maneno haya ya herufi tatu tatu:

MTU ANA DAU NAE ANA NIA

Chomeka herufi moja tu ya ziada baada ya neno la kwanza, endelea kusoma tatu tatu:

MTU KAN ADA UNA EAN ANI A

Kila kitu kimesogea, na hiyo "ada una" imejitokeza bahati tu, mie mwenyewe nimecheka. Kumi na tisa ni tatu mara sita na moja juu, kwa hiyo ndo hivo hivo inavyosogea, ujumbe unakuwa hauna maana, mtoto anakosa himoglobini. Kuna nyengine inayoonekana sana India, Pakistan na Oman, herufi ya tano ya introni hiyo hiyo imebadilika, ile alama ya mwanzo inapoteza nguvu mtambo haujui uanzie wapi. Sisi na Oman tunaoana toka enzi, kwa hiyo daktari akimpima mtoto wako na akataja thalasemia usishangae, akipata sikoseli upande mmoja na thalasemia upande wa pili pia anaumwa.

Sasa hiyo dawa. Inaitwa Casgevy, Uingereza waliiruhusu Novemba 2023 na Marekani Disemba mwaka huo huo, kwa wenye miaka 12 kwenda juu. Aliesimulia hakukosea, wanakata introni kweli, lakini sio ya jeni ya himoglobini. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini nyengine, ya kichanga, ambayo haipindi. Akizaliwa inazimwa taratibu, na anaeizima ni jeni inaitwa BCL11A. Wazo likawa, tukimzima mzimaji, ile ya kichanga si itarudi? Tatizo BCL11A ina kazi nyengine kwenye ubongo na kinga ya mwili, huwezi kuivunja yote. Kumbe ndani ya introni yake ya pili kuna swichi inayoiwasha kwenye seli zinazotengeneza damu nyekundu peke yake. Wanakata hapo tu. Seli za damu zinapoteza yule mzimaji, sehemu nyengine za mwili zinaendelea naye kama kawaida. Nikimsikia mtu anasema introni ni takataka basi nakumbuka swichi hii.

Lakini dada yangu nikwambie ukweli wote. Wanamtoa mgonjwa seli mama za damu, wanazirekebisha maabara, wanampa dawa kali ya saratani kusafisha uboho wa mifupa, ndo wanamrudishia. Anakaa hospitali wiki kadhaa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Mtoto wako bado miaka 9. Kwa hiyo usiache hata kidonge kimoja, foliki yake, chandarua, maji mengi, homa ikipanda ni hospitali usiku huo huo sio asubuhi. Na muulize daktari wake kuhusu haidroksiyurea kama bado hajaanza, hiyo ni vidonge, na inapandisha himoglobini ile ile ya kichanga bila kukata chochote.

SUALI: Bibi yangu anachoma insulini. Kuna jirani kamtia wasiwasi eti inatoka kwa nguruwe, bibi sasa hataki. Nikasoma siku hizi inatengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya binaadamu. Kweli? Na bakteria anaielewaje jeni yetu?
Mjukuu, Kizimkazi

JIBU: Zamani jirani angekuwa sawa, insulini ilikuwa ikitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 Marekani walifanikiwa kuitengeneza ya binaadamu ndani ya bakteria, na tangu 1982 inauzwa. Anayochoma bibi muombe mfamasia akusomee karatasi ya ndani ya boksi mbele yake, ya siku hizi inatokana na bakteria au hamira, akisikia kwa masikio yake atatulia. Na asiruke dozi wakati mnatafuta jibu.

Suali lako la pili ndo tamu zaidi. Bakteria haielewi jeni yetu ilivyo! Jeni ya insulini ina introni mbili, na bakteria hana mtambo wa kuchambua, ukimpa karafuu na makonyo yake anasaga zote pamoja. Kwa hiyo wale jamaa waliunga DNA yenyewe maabara herufi kwa herufi, ikiwa imeshachambuliwa, bila introni, ndo wakamtilia. Kama kumpa mtoto samaki umeshamtoa miba.

SUALI: Ni kweli kipimo cha DNA cha kumjua baba wa mtoto hakitazami hata jeni zenyewe?
Bila jina, Chake Chake

JIBU: Kinatazama sehemu ambazo herufi chache zinajirudia rudia, mfano AATG AATG AATG, wewe unazo mara 6 mwenzio mara 9, na mtoto anachukua hesabu moja kwa mama na moja kwa baba. Nyingi ya sehemu hizo maarufu zimo ndani ya introni. Inayoitwa TH01 iko introni ya kwanza ya jeni yake, FGA introni ya tatu, vWA introni ya 40. Sababu ni ile ile, kwenye eksoni ukiongeza herufi unaharibu protini, kwenye introni hesabu inaweza kupishana mtu na mtu na kila mmoja akawa mzima. Mengine uliyoandika kwenye barua yako sitayatia hapa, kaeni na wazee.

SUALI: Maalim sisi kwenye barza yetu hapa Malindi tuna ubishi. Mie nikinywa maziwa bilauri moja tumbo linanguruma mpaka wenzangu wanasikia, kijana wa Kimasai anaelinda duka la jirani anakunywa lita nzima asubuhi na hana habari. Wenzangu wanasema ni mazoea. Mie nasema ni damu. Nani mkweli?
Mzee wa barza, Malindi

JIBU: Shikamoo mzee. Wewe ndo mkweli zaidi, na cha ajabu ukweli wako pia umo kwenye introni, nimekuweka wa mwisho kwa makusudi.

Sukari ya maziwa inavunjwa na enzaimu inaitwa laktezi. Watoto wachanga wote wanayo. Watu wazima wengi duniani jeni yake inazimwa wakishaacha kunyonya, basi maziwa yanafika utumbo mkubwa hayajavunjwa, bakteria wanayashangilia, na hiyo sherehe ndo inayosikika barazani. Wewe sio mgonjwa, wewe ndo kawaida. Wachache wana swichi iliyobadilika herufi moja, jeni inabaki imewaka maisha yote.

Na swichi haiko kwenye jeni ya laktezi. Iko kwa jirani yake, jeni inaitwa MCM6 yenye kazi ya kunakili DNA, haihusiani na maziwa kwa lolote, ndani ya introni yake ya 13. Ni kama taa ya chumbani kwako inawashiwa nyumba ya pili, tena swichi yenyewe iko nyuma ya kabati. Wazungu wa Ulaya kaskazini mabadiliko yao yako herufi ya 13,910 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktezi. Watu wakadhani na Wamasai ni hivo hivo, mpaka Sarah Tishkoff na wenzake wakapima watu Tanzania, Kenya na Sudan, 2007 wakatoa majibu: wafugaji wa Tanzania na Kenya wengi wana mabadiliko yao wenyewe, herufi ya 14,010. Introni ile ile, herufi 100 tu pembeni. Waarabu wana yao nyengine, nayo humo humo. Hawakuambukizana, kila waliofuga na kunywa maziwa vizazi kwa vizazi ikatokea kwao mbali mbali.

Wenzako wa mazoea msiwatoe barazani lakini, na wao wana kipande chao. Mtu akinywa kidogo kidogo kila siku bakteria wa tumboni wanabadilika na kelele inapungua, ingawa jeni haibadiliki. Jaribu mtindi, ule sukari yake nyingi imeshaliwa wakati wa kuganda. Na chai ya maziwa endelea nayo, ila maziwa yawe ya kubadilisha rangi tu. Kijana wa Kimasai muachie lita yake.